Zlatina na Mivukuto ya Mguuni

Bega la kushoto la Zlatina Dobreva lilikataa kazi katikati ya harusi, bwana harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia uwanjani na mama mkwe ameshaanza kurusha ngano na peremende. Zlatina alikuwa amelibebesha akodioni bega hilo tangu usichana wake, na halikuwahi kumlalamikia. Siku hiyo lilisema yote kwa mkupuo. Ikabidi amalizie wimbo ameegemea ukuta wa duka la mikate, meno ameyauma, na mumewe Tenyo akimkodolea macho kutoka kwenye ngoma zake asijue apige au aache. Daktari wa Yambol alimpiga picha, akaitazama dirishani, akasema kano ya bega imechakaa na kwamba kuvuta na kusukuma mivukuto ya akodioni sasa basi. Zlatina akauliza kama hawezi kupiga japo kidogo kidogo. Daktari akamwambia anachoweza kupiga ni mswaki.

Mtu asiyejua harusi zetu anaweza kusema, si apumzike tu, mama wa watu ana miaka yake hamsini na kitu, ana nyumba, ana bustani ya pilipili. Mtu huyo na anyamaze. Zlatina alikuwa mpiga akodioni, na mengine yote aliyafanya pembeni: kupika, kulima, kuzaa binti mmoja na kuolewa na mpiga ngoma. Aliporudi kutoka kwa daktari aliiweka akodioni juu ya kabati, akakaa kitandani akalia, kisha akaenda kumwagilia pilipili maana jua lilikuwa kali.

Bendi ni ya Zhelyazko, kaka yake Tenyo, ambaye hupiga klarineti. Si mtu mbaya. Ana ugonjwa wa wapiga klarineti wote wa kwetu tu: anaamini Mungu aliumba klarineti kwanza, kisha akaionea huruma kwa upweke wake, akaiumbia vyombo vingine viisindikize. Siku ya tatu alikuja na chupa ya asali, na Zlatina akaingiwa na wasiwasi papo hapo, kwa kuwa Zhelyazko haleti kitu nyumbani kwa mtu mpaka awe amekuja kuchukua kingine. Akakaa, akala banitsa, ile pai yetu ya jibini, akaisifu ilivyoiva, akafuta mikono.

"Shemeji," akasema, "nisikilize kwanza kabla hujanirushia hiyo sahani."

"Sema."

"Kuna Radko, yule wa Straldzha. Ana akodioni na hana bendi."

"Na mimi nina bendi na sina akodioni. Ndicho unachotaka kusema?"

"Wewe unajua kusema kuliko mimi."

Tenyo alikuwa palepale mezani, na kama ilivyo desturi yake mkewe na kaka yake wanapokabiliana, alikuwa anauchunguza mkate. Zlatina hakumrushia mtu sahani. Aliomba muda mpaka harusi za vuli, akasema atakuwa amepata namna. Namna gani, hakuwa na habari. Zhelyazko alimwonea haya, akakubali, ila akatoa masharti yake kama mtu anayeuza ng'ombe. Harusi ya majaribio itakuwa ile ya Malomirovo, mwezi wa tisa. Atumie chombo chochote atakacho, lakini wageni walioko mezani wasijue kwamba akodioni haipo. Na Radko atakuwepo na akodioni yake, ameketi meza ya jirani anakula. Mambo yakienda mrama, Radko atasimama na kushika nafasi, na akishaishika ndiyo imetoka.

Kuichagua harusi ya Malomirovo kulikuwa ukatili, na Zhelyazko alilijua hilo, kwa sababu bwana harusi alikuwa mpwa wa Dinko Rusev. Dinko ndiye anayeongoza horo upande ule wote wa mto Tundzha. Anashika kitambaa mbele, watu hamsini wameshikana mikono nyuma yake, na anawazungusha uwanja mzima kama mtu anayetoa mshipi kwenye suruali. Kila harusi anayoongoza, pombe ikishapanda kidogo, huitisha mashindano: wachezaji na bendi, kwa rachenitsa, ngoma ya hatua fupi, fupi, ndefu, na kila mzunguko mwendo unaongezwa. Miguu ikivurugika, bendi imeshinda. Muziki ukivurugika, bendi imeshindwa, na habari za bendi iliyoshindwa hufika kijiji cha pili kabla ya gari lake. Dinko alikuwa ameshaziangusha bendi nyingi, nyingine zikiwa na watu wenye mabega mazima.

Aliyemtoa Zlatina gizani ni binti yake Nedelina, anayeishi Plovdiv na kutengeneza muziki wa kuchezwa kwenye kumbi za vijana, ule ambao Tenyo huuita mashine ya kufulia iliyokosa maji. Nedelina alikuja na laptopu yake ya zamani na kinanda kidogo cha vitufe na vifundo vya plastiki kisicho na sauti yake chenyewe. Kinanda kinatoa amri tu, akamweleza mama yake. Sauti zinazaliwa ndani ya laptopu, kwenye programu ziitwazo sinthesaiza. Kwake zilikuwa zimejaa tele.

"Mama, humu ndani kuna vinanda kuliko Bulgaria nzima," akasema. "Wewe chagua tu."

Chagua tu! Mtoto aliyezoea wingi hajui kwamba kuchagua ni kazi. Zlatina alifanya kile ambacho kila mpiga akodioni angefanya, akauliza akodioni iko wapi. Ilikuwepo. Kuna watu walikaa na akodioni ya Kiitaliano studioni wakairekodi kitufe kwa kitufe, kwa nguvu na kwa upole, kwenda na kurudi, na yote hayo yamo kwenye programu moja nene inayochukua dakika nzima kufunguka. Zlatina alibonyeza kitufe kimoja, akasikia ile sauti, machozi yakamlengalenga. Akamwambia binti yake kazi imekwisha, arudi zake Plovdiv kwa amani.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika gereji kwa Zhelyazko, na yalikuwa aibu. Kila noti ya Zlatina ilifika imechelewa. Si sana, labda kiasi cha kupepesa jicho, lakini rachenitsa haina nafasi ya kupepesa jicho. Tenyo alijaribu kumsubiri mkewe, klarineti haikumsubiri mtu, na kufikia mzunguko wa pili walikuwa wanapiga nyimbo tatu tofauti.

"Shemeji," Zhelyazko akasema, ametoa klarineti mdomoni, "hiyo akodioni yako imepanda basi la saa ngapi?"

Zlatina alimpa vidonge vyake, kwamba hata klarineti yake huko nyuma iliwahi kufika harusini siku ya pili, naye mwenyewe akiwa ndani ya mtaro. Lakini alipofika nyumbani alimpigia binti yake. Nedelina alimfafanulia kwa simu. Laptopu haitoi sauti moja kwa moja. Inaiandaa kwa mafungu, fungu likishajaa ndipo linatoka. Mafungu yakiwa madogo sauti inawahi, ila laptopu inahangaika, na programu nene kama ile ikihangaishwa inaanza kukwaruza na kukatika. Kwa hiyo ama ubaki na akodioni ya Kiitaliano inayochelewa, ama utafute sinthesaiza nyepesi.

Akaingia kwenye msako. Kuna sinthesaiza moja ambayo Nedelina aliipenda sana, yenye sauti zilizokwisha kutengenezwa zisizohesabika, na Zlatina akakaa nayo jioni baada ya jioni akizijaribu kama mtu aliyeingia duka la viatu asijue mguu wake ni saizi gani. Kulikuwa na za mvua, za kengele, za vyura, na moja iliyofanya mbwa atoke nje. Kila alipopata ya kumvutia, alikuta kesho yake haimvutii tena. Pilipili ziliiva, akazichoma, akazimenya na kuzitia kwenye chupa, vidole vikiwa vyeusi, na rohoni alikuwa amekwisha kukata tamaa. Alimwambia Tenyo amwambie kaka yake amchukue Radko yaishe.

Tenyo, ambaye kwa mwaka huzungumza kiasi cha kujaza kikombe kimoja, aliweka kisu chini. "Wewe umeshafungua matumbo ya akodioni zote za wilaya hii ukazipatanisha ndimi zake za chuma kwa tupa," akasema. "Sasa unasikiliza sauti za watu wengine za nini? Tafuta ambayo tumbo lake liko wazi, utengeneze yako."

Ni kweli, kila mpiga akodioni wa huku ambaye akodioni yake imepoteza sauti humpelekea Zlatina. Akamuuliza Nedelina kama ipo sinthesaiza ambayo haina kitu. Nedelina akacheka, akasema zipo, ndizo wanazopewa wanafunzi, hata haziuzwi, na akamwekea moja. Ilikuwa ukurasa mmoja tu. Ina mawimbi mawili ya kuanzia sauti, ina chujio la kukata ukali wake, na ina vifundo vichache vya kuamua sauti ianze kwa haraka gani na mkia wake uwe mrefu kiasi gani. Basi. Zlatina aliitazama akaielewa, na hilo halikuwa limemtokea tangu aanze. Mawimbi mawili hayo ni ndimi mbili za chuma. Ukipandisha moja juu kidogo ya mwenzake, zinagombana, na ugomvi huo ndio mtetemo wa akodioni, ule wa kuliza wazee. Aliugeuza ugomvi huo kwa kifundo cha kinanda mpaka ukakaa alipoutaka. Laptopu nayo, kwa kubebeshwa mzigo mdogo namna ile, iliweza kufanya kazi kwa mafungu madogo kabisa, na sauti ikawa inatoka kidole kikigusa.

Bado kulikuwa na kitu kibaya, na alichukua siku kadhaa kukiona kwa kuwa kilikuwa mwilini mwake. Jioni bega lilikuwa linawaka moto, na hali hakubeba chochote. Tenyo ndiye aliyemwonyesha: mkono wake wa kushoto ulikuwa unavuta mivukuto isiyokuwepo. Ulikwenda na kurudi hewani muda wote, kila hatua ndefu ya rachenitsa ukisukuma kwa nguvu, na hakuna sauti iliyousikia. Zlatina alijiona kichekesho, akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka, akatambua kwa nini kila alichopiga kilikuwa bapa kama njia ya lami. Uhai wote wa akodioni uko kwenye mkono ule.

Sokoni Yambol alipata pedali, ile ambayo wapiga kinanda wa makanisa ya Kikatoliki huitumia kwa mguu kuongeza sauti. Aliiunganisha kwanza na ukubwa wa sauti, kama inavyokusudiwa, ikawa ni kama mtu anafungua na kufunga redio. Haikuwa hiyo. Mivukuto ikisukumwa haikuzi sauti tu; ndimi zinauma, sauti inakuwa kali. Akaipeleka pedali kwenye chujio. Akikanyaga, chujio linafunguka na ukali unatoka. Akilegeza, sauti inajifunika. Alipiga hatua fupi, fupi, akakanyaga kwenye ile ndefu, na Tenyo aliyekuwa anafunga kamba za viatu aliinua kichwa.

Kwenye mazoezi yaliyofuata Zhelyazko alifumba macho tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. "Inatoka kwenye kopo," akasema, "lakini ni akodioni." Kwa Zhelyazko, hiyo ni sifa ya kuandikwa kwenye gazeti. Radko wa Straldzha alikuwa amealikwa kusikiliza, akapiga makofi kwa adabu. Lakini Zlatina alijua kitu kimoja alichokinyamazia. Walikuwa wamepiga mwendo wa kawaida tu. Nyumbani, peke yake, alipokimbiza mwendo kabisa, mtetemo ule mzuri ulianza kuzishikanisha noti. Alijiambia huenda ni masikio yake. Alijua si masikio yake.

Basi Jumamosi ya harusi ikafika, mchana mweupe wa jua, meza zimepangwa uwanjani Malomirovo kutoka kanisani hadi kwenye sanamu ya askari. Kwa kuwa kinanda kinahitaji kusimama mahali, na Tenyo alikuwa amesahau miguu ya kinanda nyumbani, Zlatina alikiweka juu ya meza ya kupigia pasi aliyoazima kwa jirani wa bibi harusi, laptopu pembeni imefunikwa kofia ya Tenyo ili jua lisiiguse, na mbele akatundika kitambaa cha meza kirefu cha maua. Kutoka mezani usingeona isipokuwa kichwa cha mwanamke. Radko alikuwa meza ya kwanza kabisa, akodioni imesimama kwenye kiti cha pembeni yake kama mke.

Mambo yalianza vyema. Walimtoa bibi harusi kwao, wakamleta, wakamsindikiza yule kuku wa desturi wa msimamizi wa harusi, kuku aliyepambwa kwa karatasi za rangi, na hakuna aliyeuliza kitu. Bibi mmoja wa meza ya tatu alimwambia mwenzake kwamba akodioni ya leo ni nzuri, ila mpigaji kajificha kwa nini. Zlatina alilisikia neno hilo, akajipa moyo.

Kisha Dinko akavua koti. Uwanja ukajua. Watu waliokuwa wanakula waliacha, waliokuwa wanacheza walijipanga, na Dinko akaja mbele ya bendi kitambaa mkononi, mtu mnene kiasi, mwenye miguu myepesi isiyolingana na kiwiliwili chake.

"Zhelyazko! Mmekuja kupiga au mmekuja kula?"

"Tumekuja kukulaza mapema, Dinko."

"Wenzako walisema hivyohivyo. Haya, nilazeni."

Rachenitsa ikaanza. Mzunguko wa kwanza ni salamu, kila mtu anatabasamu. Wa pili, Zhelyazko akainua kidevu na mwendo ukaongezeka. Wa tatu, wa nne, wazee wakaanza kuachia mikono na kwenda kukaa, wakipepewa na wake zao. Zlatina alikuwa anatoka jasho jembamba, mguu wake wa kulia unakanyaga na kulegeza, kila hatua ndefu inauma inavyotakiwa. Mstari wa Dinko ulikuwa umebaki na vijana na wale wachache waliokula chumvi nyingi lakini wasiojua kushindwa. Dinko mwenyewe alikuwa hajaanza hata kuhema.

Ndipo Zhelyazko alipoinua kidevu tena, na lile alilolijua Zlatina likatokea. Noti zikaanza kushikamana kama tambi zilizopitiliza jikoni. Mtetemo wa mawimbi yale mawili haukuwa na muda wa kumalizika, na kila noti ilianza juu ya mgongo wa ile iliyotangulia. Alikanyaga pedali zaidi, akaukuza uchafu. Tenyo alimtupia jicho. Dinko alikuwa na masikio mepesi kama miguu yake. Akakigeuza kitambaa hewani, akacheka kwa sauti.

"Nani huyo anapika uji huko nyuma?"

Uwanja ukaangua kicheko. Radko aliweka uma chini, akafuta mdomo, akaingiza mkono wa kwanza kwenye mkanda wa akodioni. Zlatina alimwona. Aliona na shingo ya Zhelyazko, alivyokuwa anataka kugeuka na anajizuia, na akajua kwamba mzunguko huu ukiisha hivi, Radko atakuwa amesimama.

Dawa alikuwa nayo, tena karibu, kifundo cha kwanza upande wa kushoto wa kinanda. Kifundo hicho ndicho kilichokuwa kimeyagombanisha mawimbi mawili. Ukikirudisha mpaka mwisho, wimbi la pili linakaa sawasawa na la kwanza, mtetemo unakufa, na noti zinasimama kila moja peke yake. Lakini mtetemo ule ndio akodioni. Ndio kitu pekee ndani ya laptopu ile kilichokuwa bado kinafanana na kilichoko juu ya kabati, na Zlatina alikuwa amekipenda, na alikuwa amemuahidi Zhelyazko mbele ya mumewe kwamba watu hawatajua. Iliuma. Iliuma kuliko siku ya daktari, maana siku ile aliyemnyang'anya alikuwa mtu mwingine.

Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia ubavuni bila kazi, unavutavuta hewa yake. Akaunyoosha, akashika kifundo, akakirudisha mpaka mwisho. Akashika na cha pili, akaufupisha mkia wa sauti mpaka ukabaki kidogo tu.

Ikatoka sauti ambayo Malomirovo haikuwahi kuisikia. Ilikuwa kavu na kali, noti zake zikishuka kama maharage yanayomiminwa kwenye sufuria tupu, na kila harage unaweza kulihesabu. Hakukuwa na mtu uwanja mzima aliyeweza kuidhania ni akodioni. Meza zote ziligeuza vichwa kwa pamoja. Yule bibi wa meza ya tatu alisimama. Zhelyazko aligeuka, macho yamemtoka pima, klarineti bado mdomoni, na kwa kitambo Zlatina alidhani ataitoa na kusimamisha kila kitu.

Hakuitoa. Alimpigia kipande kifupi, swali la klarineti, la haraka na la uchokozi. Zlatina akamrudishia kipande kilekile, kwa mwendo uliozidi, na kwenye hatua ndefu akakanyaga pedali hadi chini. Sauti ikauma. Tenyo akaanza kucheka huku anapiga, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na ngoma zake zikakimbilia mbele. Zhelyazko akauliza tena, akajibiwa tena. Sasa hakukuwa na aliyekuwa anainua kidevu kuongeza mwendo. Mwendo ulikuwa unatoka nyuma ya kitambaa cha maua, na wanaume wawili waliokuwa wamemhurumia kiangazi chote walikuwa wanamfuata mbio.

Dinko aliacha kucheka. Alicheza vizuri mno, lazima isemwe, alicheza kama hana akili nzuri, shati limemganda mgongoni, na nyuma yake vijana wakawa wanakatika mmoja mmoja na kuanguka juu ya viti. Uwanja ulikuwa umesimama unapiga makofi fupi, fupi, ndefu. Alibaki na watu watatu, akabaki na mmoja, akabaki na kitambaa chake. Zlatina hakumwonea huruma hata chembe. Alimwongezea. Na Dinko alipokwenda kuiweka hatua ndefu, sauti ilikuwa imeshatua kabla ya kiatu, kiatu kikakosa, kikatafuta, kikakosa tena, na Dinko Rusev akakaa chini katikati ya uwanja miguu imenyooka mbele, akainua mikono yote miwili juu.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Msimamizi wa harusi alikumbatia sanamu ya askari. Dinko alisaidiwa kuinuka, akaja moja kwa moja kwenye bendi akihema, akakisogeza kitambaa cha maua kwa kidole, akachungulia.

"Hiki ndicho kilichoniangusha? Meza ya pasi?"

"Na mguu wangu wa kulia," Zlatina akasema.

"Mama weee. Nimewaangusha wanaume wenye akodioni za Kiitaliano mimi."

"Hao hawakujua kupiga pasi."

Dinko alimbusu mkono, akaenda kutafuta maji. Kule meza ya kwanza, Radko alikuwa bado na mkono mmoja ndani ya mkanda. Akautoa. Akaifunga mivukuto ya akodioni yake kwa vifungo, kimoja kimoja, akaiingiza kwenye sanduku, akalisukuma sanduku chini ya meza kwa mguu, na akaenda kushika mkono wa mtu wa mwisho kwenye mstari wa horo uliokuwa unajipanga upya.

Zhelyazko alikuja pembeni ya meza ya pasi. Alikunywa maji, akaifuta klarineti, akaikagua kana kwamba imepatwa na jambo.

"Haikuwa akodioni ile," akasema.

"Haikuwa."

"Watu wote wamejua."

"Wamejua."

Akazitazama meza. Zlatina alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata hata alipokuwa na mabega mawili, na hakujali tena Zhelyazko atasema nini. Katika bendi ile, tangu baba wa Zhelyazko na Tenyo alipoianzisha, hakuna wimbo hata mmoja uliowahi kuanzwa na chombo kingine isipokuwa klarineti.

"Watu wanasubiri," Zhelyazko akasema, akarudi nyuma hatua moja, akasimama karibu na ngoma. "Anza wewe, shemeji."

Zlatina akaweka mguu juu ya pedali, akaanza, na klarineti ikamfuata.